Jua Halivai Sare

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku kanipa daftari hili na kalamu. "Mama, kila siku niandikie tu jua limeonekana au halikuonekana, na lilionekana wakati gani. Mimi nakuwa darasani." Nikamwambia mwanangu, mimi niliishia darasa la nne, mkono wangu umezoea chaki ya kukatia nguo. Akasema, "Andika unavyosema." Basi naandika ninavyosema, na asinicheke mtu.

Leo jua limetoka asubuhi, mchana likajificha, jioni likatoka tena. Nimekata sketi za sare mpaka kidole gumba kimevimba.

Huyu binti tunamwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kunyamaza. Muhula huu ndio wa kumwamua. Mwakani wanagawanywa, na viti vya darasa la sayansi ni vichache. Mtihani wa fizikia wa muhula uliopita ulimwangusha vibaya. Wamemwambia afanye vizuri mtihani wa sasa, halafu kazi ya mradi wake iwaridhishe walimu siku ya maonyesho, hapo ataingia. Isipowaridhisha, basi tena. Analitaka darasa hilo mpaka analiota. Juzi nilimsikia usingizini akijibu maswali.

Na mradi aliochagua ni jua. Katika vitu vyote alivyoumba Mungu, mtoto kachagua kile ambacho ukikitazama unapofuka.

Jumanne, 4 Machi

Mawingu. Mteja wa gauni la bluu hajaja.

Alhamisi, 6 Machi

Chiriku karudi na kitu kakifunga kwenye sweta, kakikumbatia. Nikadhani kaokota tena mtoto wa paka. Kumbe darubini ya shule.

"Ya kutazamia nini?"

"Jua, Mama."

Mkasi ukanitoka mkononi. "Wewe! Macho hayo nimekutengenezea mimi, miezi tisa, sijalala vizuri hata usiku mmoja. Huyachomi mbele yangu."

"Hatuweki jicho, Mama! Mwanga unaingia mbele, unatokea nyuma, unaangukia karatasi. Tunatazama karatasi."

"Na jicho likijisahau?"

"Jicho halijisahau."

"Mtu mzima anajisahau, sembuse jicho."

Nikaifungia kabatini. Baba yake, ambaye ni mlinzi wa usiku, alipoamka kujiandaa kwenda kazini akatukuta tumenuniana, kila mtu na kona yake. Akauliza nani kafa.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu wa fizikia kaja mwenyewe. Nilikuwa nimemjenga kichwani kuwa mzee wa ndevu nyeupe. Kumbe kijana mwembamba, suruali inampwaya, na upindo wa mguu mmoja umefumuka. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Taratibu kwa sababu neno hilo halimwishi mdomoni. Akaniamkia vizuri. Nikaitikia, kisha nikamuuliza palepale mlangoni, "Wewe ndiye unayetaka kunipofushia mtoto?"

Hakukasirika. Aliomba darubini, akaielekeza juani huku yeye kalipa jua kisogo, akashika kipande cha karatasi nyeusi palepale mwanga unapotokea nyuma. Taratibu, taratibu... karatasi ikatoa moshi. Nilipiga kelele, Wifi akaja mbio na fagio mkononi.

"Ndivyo jicho litakavyokuwa, mama," akasema kijana. "Nimetaka uone wewe kwanza. Sasa nakuomba uwe msimamizi. Darubini isitoke kabatini bila wewe kuwepo, na ikishaelekezwa juani, wewe ndiye unayekaa karibu na tundu la nyuma asisogee mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikajikuta nimepewa cheo.

Hata hivyo mtu anayechezea moto kwa utulivu namna ile, mimi bado simwamini. Upindo wake pia sikumshonea.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimecheka mpaka nikashika mbavu.

Ili jua lionekane vizuri kwenye karatasi, chumba kiwe na giza. Na chumba chenye giza hapa kwetu ni kimoja, kile anacholala baba yake mchana, chenye lile pazia zito. Tukaingia kwa kunyata. Chiriku akafungua pazia kidogo tu, akaweka darubini kwenye upenyo, mimi nikajipachika kwenye kiti kulinda tundu kama nilivyoagizwa. Kabla hajashika karatasi yake, jua likaingia zima, la mviringo, kubwa kama sahani, likatua juu ya tumbo la mume wangu, kwenye fulana yake nyeupe.

"Mama! Angalia karibu na kitovu! Madoa!"

Kweli. Vidoa viwili vidogo, vyeusi katikati, na pembeni vina ukungu. Nilidhani ni fulana, nikaona aibu kwa ajili ya ufuaji wangu. Lakini baba akivuta pumzi, fulana inapanda na vidoa vinabaki katikati ya mwanga. Ni vya jua.

Chiriku kwa pupa akachukua penseli akaanza kuzungushia. Baba akafumbua jicho moja.

"Mnanifanya nini?"

"Usipumue, Baba. Unalitikisa jua."

Akabana pumzi, maskini, mashavu yakamvimba. Halafu jua likaanza kuteleza lenyewe, likashuka ubavuni, likapanda ukutani. Chiriku anasema si jua linaloteleza, ni dunia inazunguka na sisi tumo ndani yake. Baba yake akasema kama dunia inazunguka basi izunguke kimyakimya, watu wamelinda usiku kucha.

Wifi, dada yake mume wangu, anauza ndoo na mafagio kwenye kibanda kinachopakana na cherehani yangu, na hapitwi na jambo. Akachungulia. "Kaka, wamekugeuza ubao?" Kisha akamgeukia Chiriku: "Na wewe, ukishayahesabu hayo madoa utayauza kwa nani?"

Chiriku kanieleza kwamba kila kidoa kile huenda ni kikubwa kuliko dunia yote. Nikamwambia asiongope mbele ya baba yake. Akaapa. Anasema si shimo wala uchafu, ni mahali palipopoa kidogo kuliko jirani zake, kwa hiyo panaonekana peusi. Nguvu za sumaku zinabana pale, joto la chini linashindwa kupanda. "Kupoa" kwenyewe, ukitumbukiza chuma kinageuka mvuke.

Jumatano, 12 Machi

Jua limeonekana asubuhi. Vidoa vimehama, vimesogea kuelekea ukingoni. Kumbe jua nalo linajizungusha. Kitu nimekiona maisha yangu yote, leo ndiyo najua kwamba kinageuka.

Jumapili, 16 Machi

Tumeshona jua. Mwalimu anataka waonyeshe na tumbo lake, yaani ndani kulivyo. Chiriku alitaka kutumia udongo, nikamwambia vipande vya nguo ninavyo tele.

Katikati tumeweka kiini, kitambaa cheupe kilichojazwa pamba na kukazwa hasa. Huko ndiko moto wote unakotengenezwa. Juu yake tabaka nene la njano, ambamo mwanga unahangaika kutoka. Chiriku anasema unagonga huku unagonga kule, unaweza kuchukua miaka maelfu kabla haujapata njia. Nikamwambia huo ni kama mimi siku ya kutafuta vifungo vinavyofanana. Juu tena tabaka la rangi ya chungwa; hapo joto linachemka kama maji kwenye sufuria, ya moto yanapanda, yaliyopoa yanashuka. Halafu uso, huu tunaouona, nimeutilia hariri. Nimekata robo moja ikafunguka kwa zipu, ukiifungua unaona matabaka yote kama koti lenye bitana tatu.

Nje kabisa kuna tabaka jingine jembamba kama shela, huwa halionekani ila jua likipatwa. Eti hilo shela lina joto kuliko uso wenyewe, tena mara nyingi mno.

"Inawezekanaje nguo ya nje iwe na moto kuliko mwili?"

"Wataalamu wenyewe hawajamaliza kubishana, Mama."

Nimelipenda jibu hilo. Nilidhani huko shuleni kila kitu wameshakimaliza.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Jua halikuonekana.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Baba yake kalala raha mustarehe, hakuna aliyemwekea jua tumboni. Chiriku anazunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi nilikuwa mtu wa kufurahia mvua, mapipa yajae. Sasa nachungulia nje kila baada ya mshono mmoja. Wifi kaniuliza kama nimepewa kazi ya utabiri wa hali ya hewa.

Jumanne, 25 Machi

Balaa la unyevu. Grafu ya Chiriku, ile kubwa ambayo ndiyo moyo wa mradi, imelegea yote. Alikuwa ameunganisha karatasi za miraba kwa gundi, ndefu kutoka mlangoni hadi kabatini. Chini kaandika miaka, zaidi ya mia moja, pembeni kaweka hesabu ya madoa. Mwalimu ndiye aliyempa hesabu za zamani za watu waliokuwa wakitazama kila siku tangu bibi yake bibi yangu. Mstari unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Sasa gundi imeachia, wino umetanda, karatasi imejikunja kama jani la mgomba.

Chiriku akakaa chini akaitazama. Halafu akanitazama mimi.

"Mama, wewe si fundi?"

"Fundi wa nguo."

"Nidarizie. Kitambaa cheusi, uzi wa njano. Kitambaa hakiogopi unyevu. Mimi naanza mtihani kesho, sitapata nafasi ya kuchora upya."

Nilifurahi mno. Tangu aanze shule, nilichoweza kumsaidia ni kumshonea sare na kumwombea. Nikamuuliza, ni kitu gani hasa hiki kinachopanda na kushuka? Akasema madoa huzidi, yakafika kilele, yakapungua hata jua likabaki safi, kisha yakaanza upya. "Mzunguko mmoja miaka kumi na moja, Mama." Akakimbilia vitabu vyake.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemaliza kupiga chaki. Karatasi ile imeharibika kweli, mawimbi yake moja fupi moja refu, moja limesinyaa moja limetanuka. Unyevu ni adui. Nimetumia futi yangu kuyaweka sawa.

Jumatatu, 31 Machi

Uzi wa njano umeniishia. Nimepata mwingine unaofanana kabisa, hata mchana kweupe huwezi kuutofautisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemaliza! Nimekipiga pasi, nimekikunja, nimekificha. Wifi kakiona, kasema kinafaa hata kutandikwa kitanda cha maharusi. Chiriku kamaliza mtihani leo, lakini sitamwonyesha mpaka Jumamosi akishapumzika.

Jumamosi, 5 Aprili



Asubuhi nilimwita yeye na baba yake, nikatandaza kitambaa kitandani. Mawimbi mazuri, yote kimo kimoja, upana mmoja, mgongo wa kupanda na mgongo wa kushuka sawasawa, kama pindo la pazia la mgeni rasmi. Baba yake akapiga mluzi. Mimi meno yote nje.

Chiriku kimya.

Nikasema moyoni, uzuri umemziba mdomo. Nikangoja. Akainama, akaweka kidole kwenye wimbi la kwanza, la pili, la tatu. Bado kimya. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu mtoto huyu hata akiwa na homa anaongea.

"Mama," akasema polepole, "nani kakwambia jua linavaa sare?"

"Sare gani?"

"Yote umeyafanya sawa."

"Si ulisema kumi na moja? Nimepima kumi na moja, kumi na moja, hata uzi mmoja haujazidi!"

"Karibu kumi na moja, Mama. Karibu! Mmoja ulikwenda tisa, mwingine umewahi kufika kumi na nne. Kuna kilele kirefu kuliko vyote, hapa, na kuna kingine kifupi, hapa. Na hupanda haraka, hushuka polepole. Hayo ndiyo mambo yenyewe. Hayo ndiyo walimu watakayoniuliza."

Nikamwambia karatasi ilikuwa imejikunja, nilidhani ni unyevu. Akasema haukuwa unyevu. Akajaribu kutabasamu ili nisiumie, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza. Bora angenifokea.

"Maonyesho ni Ijumaa," akasema, akatoka nje kwenye manyunyu bila mwavuli.

Baba yake akakaa kitandani pembeni ya kitambaa. "Sasa fundi, kitu ulichokishona kinafumuliwa au hakifumuliwi?"

"Kinafumuliwa."

"Basi unalilia nini? Nipe hicho kitu cha kufumulia."

Hajui hata kukishika. Lakini alikaa nami mchana kutwa, akivuta nyuzi mojamoja kwa vidole vyake vinene, na usingizi wake wa mchana akausamehe. Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi na leo nimemwona upya. Chiriku aliporudi, kalowa chapachapa, akatukuta tumezama kwenye nyuzi za njano. Akajifunga kanga, akakaa katikati yetu, akaanza kufumua. Baada ya muda akaanza kuongea. Nikapumua.

Jumapili, 6 Aprili

Jua limeonekana kidogo. Tumepiga chaki upya, Chiriku akinisomea hesabu mwaka mmoja mmoja. Sikutumia futi kulinganisha chochote. Mkono wangu ulikuwa unalazimisha kunyoosha, nikaukatalia.

Jumatatu, 7 Aprili

Mstari mpya umeanza kupanda. Lakini mistari ya sindano ya kwanza imeacha vitobo, na kwenye kitambaa cheusi ukikiweka mbele ya mwanga vinaonekana vyote, wimbi kwa wimbi. Kila fundi anajua dawa yake, unatia maji, unakwangua kwa ukucha, unapiga pasi. Nilikuwa nimeshaanza, Chiriku akanishika mkono.

"Acha, Mama. Vibaki."

"Vibaki vipi? Watu watajua kwamba nilikosea."

"Ndiyo."

Ndiyo! Mtoto wangu mwenyewe! Nikamwambia nusu ya wazazi wa shule ile ni wateja wangu. Watasimama pale, waone vitobo vya fundi aliyefumua kazi nzima, kesho nani ataniletea kitambaa chake? Akasema, "Mama, nakuomba. Nina jambo nataka kulisema kwa vitobo hivyo. Ukiziba, sitakuwa nalo." Nikamuuliza jambo gani. Akasema bado analipanga kichwani, akilisema nusu litaharibika.

Nimenuna. Tumekula bila kusemezana.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nimeendelea kushona. Vitobo nimeviacha, lakini moyoni sijaviacha.

Jumatano, 9 Aprili

Mwalimu Taratibu kapita kuchukua darubini. Nilikitandaza kitambaa mbele yake nikidhani atakuwa upande wangu, atasema vitobo vizibwe, mradi uwe safi. Alikizungusha, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akatazama wimbi kwa wimbi.

"Mama, mimi mwaka wangu wa kwanza chuoni nilichora grafu hii hii. Nikayalinganisha vivyo hivyo."

"Wewe?"

"Na mimi sikuwa na kisingizio cha unyevu."

Nilicheka bila kupenda. Akasema hawezi kumchagulia Chiriku, mradi ni wake. Na akanikumbusha kwamba walimu watatu ndio wanaoamua, yeye ni mmoja wao tu, na mkuu wa shule ndiye mgumu. Niliponyanyua macho nikaona upindo wake bado umefumuka. Nikamwambia akae, avue kiatu, nikamshonea palepale mguuni. Alikuwa anaogopa sindano kuliko mimi nilivyoogopa darubini. "Taratibu, mama, taratibu!"

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemaliza. Nilipofika mwaka huu, Chiriku kasema nisifunge fundo, mzunguko haujaisha. Nimeuacha uzi unaning'inia. Sijawahi kutoa kazi dukani kwangu uzi ukining'inia. Usiku huu sijui kama nitalala.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimerudi, nimevua viatu, nimekunywa maji. Naandika yote.

Tulikwenda wote. Baba yake alitoka kazini moja kwa moja, macho mekundu, shati kafunga kifungo kimoja juu kimoja chini. Wifi alifunga kibanda, jambo ambalo hata siku ya homa halifanyi, akabeba lile jua la nguo kichwani akipiga kelele njiani, "Pisheni, jua linapita!" Nilikuwa namwona Wifi ni mtu wa kukatisha tamaa. Leo kila aliyemuuliza alikuwa anamfungulia zipu na kumweleza kiini mpaka shela, bila kukosea hata tabaka moja. Kumbe siku zote zile alikuwa anasikiliza ukutani.

Kitambaa kilitundikwa dirishani, na mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo. Mwanga ukapita. Vitobo vyangu vyote vikawaka kama mchanga wa dhahabu. Nilijisogeza nyuma ya baba yake.

Walimu watatu wakaja. Mkuu wa shule ni mama mrefu, sauti yake inakata bati. Alipitisha kidole kwenye mstari wa njano, akauliza hiki ni kilele gani, kile ni kipi, Chiriku anajibu. Akauliza mbona huku kunapanda kwa ghafla na kushuka kwa kujivuta, Chiriku anajibu. Kisha kidole kikasimama.

"Na hivi vitobo? Mlifumua?"

Nikafumba macho.

"Ndiyo, mwalimu. Mama yangu alishona kwanza mawimbi yote sawa, kwa sababu nilimwambia miaka kumi na moja na sikumwambia 'karibu'. Kosa lilianza kwangu. Tulipofumua nikaona kwamba vitobo vinaonyesha jua tulilolitarajia sisi. Uzi unaonyesha jua lenyewe. Tazama hapa, kitobo kinasema kilele, jua halijafika, limechelewa. Hapa limewahi. Hapa limepita juu kabisa ya tulivyotarajia. Nimepima kila tofauti. Ukitaka kujua tunaweza kulitabiri kwa kiasi gani, pima kati ya kitobo na uzi."

Mkuu wa shule akasogea karibu. Akapima kwa vidole, kati ya kitobo na uzi, mahali pamoja, kisha pengine.

"Kilele kijacho lini?"

"Mwaka wenyewe siwezi kuutaja. Naweza kusema karibu na lini, na ninaweza kukosea kwa kiasi hiki." Akatandaza kiganja juu ya kitambaa.

Alisema "ninaweza kukosea" kama mtu anayesema "nina viatu", bila aibu yoyote.

"Na fundi mwenyewe yuko wapi?" akauliza mkuu.

Wifi akanisukuma mgongoni hivi! Nikajikuta mbele. Wateja wangu wote wananitazama. Mkuu akaniuliza, "Mama, kwa nini uliyalinganisha?"

"Mwalimu, mimi nashona sare," nikamwambia. "Kitu kikipanda na kushuka ovyo, nakinyoosha. Sikujua kama kuna kitu ukikinyoosha unakiharibu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanitazama, akamtazama Chiriku, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda meza inayofuata. Baba yake akaninong'oneza, "Hilo ni zuri au baya?" Sikujua. Mpaka sasa sijui.

Jumamosi, 12 Aprili

Jua limeonekana. Mteja wa gauni la bluu kaja hatimaye, pamoja na jirani yake mwenye kitambaa cha gauni. Jirani akauliza, "Wewe si ndiye fundi wa vitobo?" Nikasema ndiye mimi. Akaniachia kitambaa.

Jumapili, 13 Aprili

Siwezi kula.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua kubwa tangu alfajiri. Jua halikuonekana.

Mchana nikamwona Chiriku anakuja, hakimbii, anatembea katikati ya mvua, vitabu kavifunika na sweta na yeye mwenyewe hana kitu. Nikasimama. Akaingia, akasimama mlangoni anachuruzika maji, hasemi. Nikamwambia, "Sema." Kimya. Nikashika cherehani, nikaanza kumwambia haidhuru mwanangu, kuna masomo mengine mazuri, na ukitaka nitakufundisha kukata—

"Nimeingia, Mama."

Alikuwa anashindwa kusema kwa sababu alikuwa analia, na mvua ilikuwa imeniziba nisione machozi ni yapi.

Nilipiga kigelegele mpaka Wifi akaangusha ndoo. Tukamvamia baba yake kitandani, sote watatu, na maji yetu. Aliamka akadhani paa limeanguka. Alipoelewa, akamkumbatia mwanawe alivyo, kalowa vile vile, na fulana yake nyeupe ikaloa pia.

Tulipotulia, nikiwa namkausha nywele, nikamuuliza huko darasa la sayansi wataanza na nini.

"Mwalimu Taratibu kasema tutaanza na radi."

Nimekaa chini. Furaha imenijaa mpaka kooni, na hofu nayo imeshavuta kiti chake, imekaa pembeni yangu.